Kubadilisha "et al." na "&" ziwe za Kiswahili kwenye marejeleo, nifanyeje?

mwanatasnifu_mchovu:
Habari za saa hizi wakuu. Naandika tasnifu ya MA na yote ni kwa Kiswahili, sasa msimamizi kanirudishia sura ya pili imejaa wino mwekundu kisa kila mahali nimeandika (Massamba et al., 1999) na nukuu zangu zina ile alama ya &, kasema nachanganya lugha, anataka "na wenzake", "na", "uk." na kule mwisho isiwepo "Retrieved from". Sawa nimemwelewa, lakini mimi marejeleo naingiza kwa Word yenyewe, pale References nachagua APA (mmoja wa mitindo ya kupanga marejeleo), inajiandikia. Nimeshaweka lugha ya dokumenti iwe Kiswahili, ile mistari myekundu chini ya maneno imepungua ila "et al." iko palepale imekaa kama mwenye nyumba. Nikifuta kwa mkono, nikigusa tu kusasisha orodha inarudi. Vyanzo vinapita mia. Kuna njia au ndo niandike vyote kwa mkono kama babu zetu?

kaka_wa_steshenari:
Mkuu hiyo mbona nyepesi, maliza kazi yote kwanza, bofya nukuu uigeuze iwe maandishi ya kawaida (convert to static text), halafu Find and Replace, et al. weka na wenzake, imeisha hiyo. Mimi hapa dukani nawafanyia wanafunzi kila siku.

Bi_Maktaba:
Kaka wa steshenari taratibu 😀 hiyo njia inafaa siku ya kwenda kujalidi tu, maana ukishaigeuza haijisasishi tena, na huyu ndo kwanza yuko sura ya pili, msimamizi akimwambia ongeza chanzo kimoja anaanza upya. Halafu nikuonye na hiyo Replace. Kuna kijana aliniletea kazi yake kabadilisha kila "and" kuwa "na" bila kuweka tiki pale kwenye neno zima peke yake, sasa fikiria Kiswahili kilivyojaa hizo herufi, "mwandishi" akawa "mwnaishi", "kiwanda" kikawa "kiwnaa", "andika" ikawa "naika", kurasa 90 hizo na keshasevu na kufunga. Tulicheka kwanza ndo tukaanza kumsaidia.

Mwanatasnifu, Word inachukua staili zake kwenye mafaili ya XSL, yaani mafaili ya maelekezo ya kupanga nukuu. Andika %appdata% kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, ingia Microsoft, halafu Bibliography, halafu Style, utayakuta humo. Nakili ile ya APA, ipe jina lingine, ifungue kwa Notepad, tafuta AndOthersUnCap. Pale inapotengenezwa hiyo template utakuta mstari unaoenda kuchukua neno kwenye hazina ya Word kulingana na lugha, huo mstari ndio unautoa unaweka <xsl:text>na wenzake</xsl:text>. Usisahau kubadilisha na jina la staili humo ndani, la sivyo kwenye menyu utaona APA mbili hujui ipi ni ipi. Inafanya kazi, lakini sikufichi, lile faili ni refu kama treni ya mizigo na ukikosea alama moja staili nzima inagoma. Mimi ningekuwa wewe ningehamia Zotero mapema, ni programu ya kutunza marejeleo, ni ya bure na inaingia humohumo ndani ya Word na LibreOffice.

mwanatasnifu_mchovu:
Dada asante, hilo faili nimelifungua nimelifunga 😅 Zotero nimeshaiweka ila nayo bado inanipa Kiingereza, nikienda kwenye lugha ya nukuu Kiswahili sikioni.

Bi_Maktaba:
Ndio, maana hizo staili zake, zile za CSL (lugha ya kuandikia staili za marejeleo), neno zisipolipata kwenye lugha yako zinarudi kwenye Kiingereza cha Marekani. Dawa ni kuweka maneno yako ndani ya staili yenyewe. Nenda Settings, Cite, fungua Style Editor, chagua APA, juu kule baada ya info kufungwa na kabla ya macro ya kwanza bandika hivi:

<locale>
<terms>
<term name="et-al">na wenzake</term>
<term name="and">na</term>
<term name="no date" form="short">b.t.</term>
<term name="page" form="short"><single>uk.</single><multiple>kur.</multiple></term>
<term name="retrieved">imesomwa</term>
</terms>
</locale>

Ona hapo kwenye locale sijataja lugha yoyote, ni makusudi, ukiacha hivyo inakubali kwa lugha zote. Ila kama humo kuna locale nyingine iliyoandikwa "en" ichungulie nayo, maana neno likiwemo kule linasikilizwa la kule kwanza. Miezi pia unaweka, month-01 ni Januari, twende hivyo hadi month-12.

Ile & sasa. Hiyo siyo neno ni alama, ukiweka "na" hapo juu haitaguswa. Tafuta kila penye and="symbol" uandike and="text".

Na hili wengi wanalisahau wanakuja kulia baadaye: badilisha title NA id ya staili. Ukibadilisha jina ukaacha id ileile, Zotero ikijisasisha inashusha APA mpya juu ya kazi yako, unaamka asubuhi "et al." zimerudi zote.

mvita_kwetu:
Mimi niongeze moja ilonisumbua sana. Majina ya majarida. Staili nyingine zinageuza kila neno lianze kwa herufi kubwa, unapata "Jarida La Lugha Na Fasihi", inachukiza macho. Kwenye kila chanzo kuna sehemu ya Language, andika sw, itaacha kuyagusa. Ukiacha tupu inadhani ni Kiingereza.

Na watunzi wa kale je? Mimi nafanyia kazi Muyaka bin Haji, yule mshairi wa Mombasa aliyefariki 1840, programu ikanigeuzia kuwa Haji fulani, ukoo haumjui wala mtaa haumjui. Kando ya jina kuna kidude cha kubofya, jina linakuwa kwenye kisanduku kimoja, hapo haligawi tena. Mashirika kama BAKITA na TUKI pia weka hivohivo.

mwanatasnifu_mchovu:
Wakuu IMEKUBALI!! Massamba na wenzake (1999) mbele ya macho yangu. Ile & ilinitoa jasho kidogo zilikuwepo sehemu nyingi kuliko nilivyodhani, nikasahau moja ikabaki kwenye orodha ya mwisho tu. Vile vyanzo vya zamani vya Word nimeona lazima niviingize upya, naenda navyo ishirini ishirini kila usiku.

Swali la mwisho, mhariri mnafupishaje? Nimeweka Mh. rafiki yangu kasoma akaniuliza hawa waheshimiwa wabunge wameingiaje kwenye fonolojia.

mvita_kwetu:
😂😂 Mimi huandika mhar. na wakiwa wengi wahar.

Bi_Maktaba:
Nimeona kazi nyingi zenye (mh.) kwa herufi ndogo ndani ya mabano, haichanganyi sana. Lakini muulize msimamizi kabla hujagusa faili, hao kila mmoja ana ya kwake. Wa kwangu alitaka "Mhariri" neno zima.