Besdei ya mtoto Moshi: keki ya kuagiza, ya kuoka kwenye mkaa au mkate wa sinia? Bajeti elfu 60

Mama_Pasua (Jumatatu, saa 3:10 usiku)

Habari zenu wapendwa. Mwanangu anatimiza miaka 6 Jumamosi hii na ndo mara ya kwanza tunamfanyia sherehe yenyewe, miaka yote ilikua soda na biskuti tu maisha yanaenda. Nategemea watoto kama 20, wa hapa mtaani Pasua na wa darasani kwake, na wakubwa 8 hivi. Pilau na vinywaji nishavitoa pembeni, iliyobaki ni elfu 60 ya vitamu.

Nimeulizia keki ya kilo 2 yenye krimu na katuni juu nikaambiwa 60 kamili, yaani yote inaishia hapo. Nikafikiria nioke mwenyewe ila sina oveni, nina jiko la mkaa, gesi ya plate mbili na friji dogo, na sijawahi kuoka keki maishani mwangu. Jirani yangu mtu wa Tanga yeye ananambia achana na keki pika mkate wa sinia. Sasa nimebaki katikati. Kinachonitisha zaidi ni hili joto la mwezi wa pili, na sherehe ni saa 9 alasiri, nje uani chini ya mwembe. Mliowahi kufanya mnisaidie, mlitumia njia gani na ilikuaje?

Binti_Ngarenaro (Jumatatu, saa 3:41 usiku)

Dadangu mi nitakwambia yaliyonikuta ili usirudie. Mama yangu yupo Moshi, mwaka juzi alipotimiza 60 nikamuagizia keki huku Arusha, nzuri ya krimu nyeupe ghorofa mbili, nikapanda nayo gari nimeipakata mapajani. Ni kilomita kama 80 tu unaona ni karibu, ila matuta ya kuanzia Usa River mpaka Boma Ng'ombe kila gari likiruka ile ya juu inasogea kidogo, halafu jua limeingia dirishani upande wangu. Nimefika Moshi nafungua boksi krimu yote imeshukia kwenye kona moja na maua yamelala chini kama nguo iliyoanguka kwenye kamba. Mama hakusema kitu alinishukuru sana lakini mimi moyo uliniuma mpaka leo.

Kwahiyo kama utaagiza, agiza hapo hapo Moshi, ifuate siku hiyo hiyo asubuhi, na mwambie aliyeoka sitaki wipu krimu nataka aisingi ya siagi. Wipu krimu ikikaa nje na joto la Moshi nusu saa nyingi inaanza kulegea. Ya siagi nayo inalainika ila inavumilia zaidi. Faida ya kuagiza ni kwamba unalala usingizi Ijumaa, na mtoto anaiona katuni yake. Mtoto wa miaka 6 hiyo katuni kwake ni jambo kubwa usidharau.

Jiko_la_Mkaa (Jumatatu, saa 4:05 usiku)

Mama_Pasua oka mwenyewe. Mi naoka kwa mkaa hapa Majengo mwaka wa tisa sasa na nimesomesha kwa hiyo kazi, sina oveni mpaka leo.

Sikiliza kwa makini maana watu wengi wanaharibu kwenye moto, sio kwenye unga. Tafuta sufuria kubwa nene yenye mfuniko wa bati unaokaa vizuri. Ndani mwaga mchanga mkavu uliochekechwa, kimo cha vidole viwili, au kama huna mchanga weka vijiwe vitatu. Ipashe moto dakika 10 ikiwa imefunikwa. Chombo chenye keki kipake mafuta, weka karatasi chini, mimina unga wako nusu ya chombo na kidogo juu yake usijaze, ukijaza inamwagika. Ingiza ndani ya sufuria kubwa, funika. Sasa hapa ndo penyewe: makaa ya chini yapunguze yabaki kama ngumi mbili tu tena yaliyoanza kushika majivu, na makaa mengi yapalie juu ya mfuniko. Chini kidogo juu mengi. Mtu anayeacha jiko limejaa moto mwekundu chini atapata keki nyeusi kwa chini na uji katikati.

Usifunue kabla ya dakika 25, hata ikinukia vipi. Ikifika hapo toa makaa ya juu na koleo, funua haraka, choma katikati na kijiti cha mshikaki, kikitoka kikavu imeiva. Kikitoka na ute ute rudisha dakika 10.

Na tafadhali jiko liwe nje au mlango na madirisha yote wazi. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu kimya kimya, hauna harufu ya kukushtua.

Mwl_Njiro (Jumatatu, saa 4:30 usiku)

Naongezea hapo kwa Jiko_la_Mkaa kitu kimoja ambacho kilinisumbua miaka miwili. Nilikua naishi Dar naoka keki zangu vizuri tu, nimehamia Arusha vipimo vile vile keki inapanda kama mlima, nikitoa kwenye oveni katikati inadidimia inakua bakuli. Nikabadilisha unga, nikabadilisha beking pauda, kumbe tatizo ni mwinuko. Arusha tupo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, ile gesi ya beking pauda inavimba haraka kuliko keki inavyoweza kukaza, kwahiyo inapanda kabla haijaiva halafu inaanguka. Hata maji huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100.

Nilichofanya nimepunguza beking pauda robo, sukari nimepunguza kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe, na nikaongeza maziwa vijiko viwili vikubwa. Imetulia mpaka leo. Nyie Moshi mjini mpo chini ya mita 1,000 kwahiyo kwenu sio kali hivyo, ila vipimo vya mtandaoni vingi ni vya watu wa pwani au Ulaya tambarare, usijaze kijiko kiwe na kilima, pitisha kisu juu kiwe sawa.

Bi_Mkubwa_Chumbageni (Jumanne, saa 1:15 asubuhi)

Wanangu hamjambo. Huyo jirani wa Tanga kasema kweli. Mkate wa sinia hauhitaji krimu, hauogopi joto, unapikwa jana yake na kesho yake ndo mtamu zaidi. Mchele vikombe viwili uroweke usiku kucha, asubuhi usage kwenye blenda na tui zito la nazi kikombe kimoja na nusu mpaka uwe laini kabisa, ukiushika kwenye vidole usisikie chenga. Tia sukari kikombe pungufu kidogo, iliki iliyotwangwa muda huo huo, hamira. Funika uumuke mpaka utoe povu. Ndipo utie ute wa yai moja, ukoroge taratibu. Sufuria iwe na mafuta na iwe ya moto kabla hujamimina, ukimimina kwenye sufuria baridi unaganda chini. Moto mdogo chini, ukiona vitundu vimejaa juu palia makaa kwenye mfuniko upate rangi.

Watoto wa pwani besdei zao wamekulia hapo na hakuna aliyelia.

Mama_Wawili_Soweto (Jumanne, saa 2:02 asubuhi)

Shikamoo Bi Mkubwa. Mkate wa sinia naupenda sana ila nitasema ukweli kwa watoto wa huku. Mwaka jana niliweka kwenye besdei ya mwanangu, wakubwa walimaliza wakaulizia, watoto wengi waliuma mara moja wakaweka pembeni, iliki hawajaizoea. Kwahiyo kama ni watoto 20 wa Pasua usiufanye ndo kitu kikuu, uwe wa wakubwa.

Mi kwa watoto nitetee kastadi na matunda. Maziwa nusu lita, unga wa kastadi vijiko viwili vikubwa ukoroge kwanza na maziwa ya baridi kidogo usifanye madonge, sukari vijiko viwili, unachemsha huku unakoroga mpaka iwe nzito. Ipoe, weka friji. Kwenye vikombe vidogo vya plastiki unaweka ndizi, embe, papai, unamwaga kastadi juu. Lita mbili za maziwa zinatosha watoto 20 na maziwa ya Machame yanaletwa asubuhi na bodaboda bado ya moto. Hapo hujatumia hata elfu 15. Parachichi usiweke, linakua jeusi na watoto wanalikataa.

Na ukitaka kuweka jeli, nanasi na papai ambavyo havijapikwa vinaifanya isigande kabisa, ikae friji hata siku nzima. Nanasi lichemshe kwanza. Halafu soma kwenye pakiti, jeli nyingine zinatengenezwa na mifupa au ngozi za wanyama na huwezi jua ni mnyama gani, una wageni Waislamu, chukua ile ya mwani au uiache.

Mchare_Kibosho (Jumanne, saa 6:20 mchana)

Mbona hakuna aliyetaja keki ya ndizi na mpo Kilimanjaro jamani? Kwetu mtu mzima keki yake ni ndafu, mbuzi mzima anachomwa anawekewa majani mdomoni, na anakatwa kwa heshima kabisa watu wanalishana. Ila mtoto wa miaka 6 mpe ndizi. Ndizi mbivu kabisa zile zenye madoa meusi ambazo mama sokoni anakuuzia kwa bei ya kutupa, tatu kubwa uziponde na uma. Unga vikombe viwili, sukari robo tatu ya kikombe, mayai mawili, mafuta ya kula nusu kikombe, beking pauda vijiko viwili vidogo vya sawa, chumvi kidogo. Haihitaji mikisa, haihitaji kupiga mayai mpaka mkono ufe, unakoroga na mwiko basi, ukikoroga sana ndo inakua ngumu. Kwa mtu ambaye hajawahi kuoka hii ndo inasamehe, unyevu wa ndizi unailinda hata ukizidisha dakika tano. Sponji haisamehi.

Mama_Pasua (Jumatano, saa 2:50 usiku)

Asanteni sana wote, nimesoma kila neno mara mbili. Leo nimejaribu keki ya ndizi kwenye mkaa na nimeshindwa. Chini imeungua rangi ya kahawa kali kabisa, karatasi imeshikana na keki, juu nyeupe, katikati mbichi. Nimefuata vipimo vyote. Mtoto amekula ya pembeni akasema tamu lakini nimekata tamaa kidogo, nafikiria niagize tu.

Jiko_la_Mkaa (Jumatano, saa 3:05 usiku)

Usiagize. Nijibu, mfuniko wako ni wa bati au ni ule wa aluminiamu uliokaa kama kofia? Na makaa ya chini uliyatoa au uliyaacha?

Mama_Pasua (Jumatano, saa 3:12 usiku)

Ule kama kofia, makaa ya juu yalikua yanateleza nikaweka machache. Ya chini nilipunguza ila yakaisha rangi nikaogopa nikaongeza.

Jiko_la_Mkaa (Jumatano, saa 3:20 usiku)

Ndo hapo. Hukukosea keki, ulikosea moto. Kesho chukua sinia la bati ligeuze liwe mfuniko, makaa yatakaa. Ya chini yakipoa yaache yapoe, mchanga umeshashika joto unaendelea kuoka. Ukitaka kuongeza ongeza juu. Na chombo chako kisikanyage mchanga moja kwa moja, weka kisahani cha bati kilichogeuzwa katikati. Jaribu na nusu ya vipimo usipoteze mayai.

Mama_Pasua (Alhamisi, saa 12:40 jioni)

IMETOKA!!! Nimegeuza kwenye sahani imedondoka yenyewe, chini rangi ya kahawia kama chapati iliyoiva vizuri, nimekata inachambuka. Nimelia kidogo jikoni. Mungu akubariki dada.

Binti_Ngarenaro (Alhamisi, saa 1:15 usiku)

Hongera mamii! Juu upake nini sasa? Usisahau katuni.

Mama_Pasua (Jumapili, saa 4:25 asubuhi)

Nimerudi na majibu. Nilioka mbili za ndizi Ijumaa jioni nikazibandika ubavu kwa ubavu zikatengeneza namba 6, moja nilikata tundu katikati. Juu nilipaka siagi iliyopigwa na sukari ya unga, nyembamba tu, nikatia maji ya bitiruti kidogo ikawa pinki, katuni nilichapisha duka la stesheneri kwenye karatasi ngumu nikaisimamisha na kijiti. Ilikaa ndani mpaka saa 10 ndo tukaitoa, haikuyeyuka, ililegea pembeni tu tulipokua tunaimba. Kastadi lita mbili na embe na ndizi, vikombe 24 viliisha kabla ya keki kukatwa na watoto watatu walirudi na vikombe vitupu wanauliza. Mkate wa sinia jirani alinisaidia kupika mmoja, na kama Mama_Wawili alivyosema wakubwa ndo waliumaliza, baba mkwe wangu alibeba kipande kwenye foili.

Jumla nimetumia elfu 41 na mia 5, na hapo nimenunua mpaka mchekecho na karatasi. Ingekua kuagiza ningebaki na keki peke yake. Ila niseme wazi nimechoka, Ijumaa nimelala saa 8 usiku, mtu mwenye kazi ya kuajiriwa siku zote sita za wiki na hana wa kumsaidia mi nisingemlaumu akiagiza.

Mwanangu aliposhika kisu aliwaambia wenzake "mama yangu ndo ameitengeneza kwenye mchanga", wote wakaenda jikoni kutafuta mchanga. Picha sitaweka ana uso wa siagi mpaka kwenye nywele.

Bi Mkubwa naomba kile kipimo cha hamira, hukukitaja, na mdogo wangu wa Sanya Juu anataka kupika wa kwake wiki ijayo.

Bi_Mkubwa_Chumbageni (Jumapili, saa 5:10 asubuhi)

Kijiko kimoja cha chai kwa vikombe viwili vya mchele mwanangu. Na mwambie kule kwao ni baridi, auweke karibu na jiko, utachelewa kuumuka.