Ladha ya pilipili manga katika mvinyo wa Cornas

Swali: Ndugu zangu, nimeonja mvinyo mwekundu wa Cornas, kutoka bonde la mto Rhône nchini Ufaransa, na kila funda liliacha pilipili manga ulimini. Je, hutiwa viungo?

Jibu la 1: Hapana, ndugu. Maganda ya zabibu za Syrah yana kemikali iitwayo rotundoni, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayoipa pilipili manga harufu yake, nayo huzidi zabibu zinapoiva penye ubaridi.

Jibu la 2: Naongeza kwamba Cornas ni Syrah tupu, ilhali Côte-Rôtie, eneo jingine la mvinyo katika bonde hilo hilo, kaskazini zaidi, ambako miteremko ni mikali mno hata mizabibu huhudumiwa kwa mikono, huruhusiwa kuchanganya zabibu nyeupe za Viognier hadi asilimia 20.

Muulizaji: Ahsanteni, nami nilikwisha kumshuku mwenye duka.