Dini moja inaionaje nyingine: makundi matatu yanatosha?

Mchambuzi Mpole ameuliza:

Habari zenu wakuu. Ninaandaa jedwali la ukurasa mmoja kwa ajili ya kikundi cha majadiliano chenye watu wa imani mbalimbali. Kila dini ina mstari wake, na pembeni yake naandika inavyozitazama dini nyingine. Nimetumia yale makundi matatu yaliyozoeleka tangu Alan Race ayapange mwaka 1983: (a) njia ni yetu tu, (b) njia ni yetu, ila na wengine wamo kwa namna fulani, (c) njia ni nyingi na zote zinafika.

Uislamu na Ukristo nimeviweka (a). Uhindu, Ubudha, Usingasinga na Ubaha'i (c). Uyahudi umenishinda. Tatizo ni kwamba karibu kila mfuasi anayeona mstari wa dini yake anaukataa. Nimekosea wapi, na niweke aya zipi kama ushahidi?

---

Bint Mizani amejibu:

Mkuu, makundi hayana ubaya, ila umeyabebesha maswali matatu kwa mpigo. Yatenganishe kwanza:

1. Ukweli: mafundisho ya yule ni sahihi?
2. Hatima: akifa katika imani yake, anaishia wapi?
3. Maingiliano: nyama aliyochinja inalika? Anaolewa? Tunaweza kusali pamoja?

Dini moja inaweza kujibu "hapana" kwenye la kwanza, "Mungu ndiye ajuaye" kwenye la pili, na "ndiyo" kwenye la tatu. Ukiibana yote katika herufi moja, lazima mwenyewe akatae.

Chukua sura ya Al-Maidah katika Qur'ani. Aya ya 73 inasema wamekufuru waliosema kwamba Mwenyezi Mungu ni wa tatu wa watatu. Sura hiyohiyo, aya ya 5, inahalalisha chakula cha waliopewa Kitabu (Mayahudi na Wakristo), na inamruhusu mwanamume Mwislamu kuoa wanawake wao wanaojihifadhi. Anayesoma aya ya 73 peke yake atajaza jedwali namna moja, na anayesoma ya 5 peke yake atalijaza namna nyingine, na wote wawili wameshika Msahafu uleule. Imani ya mtu imekataliwa, lakini meza yake na mkono wa binti yake havikukataliwa. Halafu ruhusa hiyo ni ya upande mmoja: kwa wanazuoni walio wengi, mwanamke Mwislamu haolewi na asiye Mwislamu. Na Al-Baqarah 221 inakataza ndoa na washirikina kwa pande zote mbili.

Ukitaka kuona jinsi safu ya tatu, ya maingiliano, inavyogawanyika ndani kwa ndani, angalia Majusi, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi. Mtume alipokea jizya (kodi ya wasio Waislamu wanaolindwa na dola) kutoka kwa Majusi wa Hajar, mashariki mwa Arabuni, kwa hiyo katika ulinzi wa dola waliwekwa pamoja na Watu wa Kitabu. Lakini wanazuoni walio wengi hawakuhalalisha kichinjo chao wala kuoa wanawake wao. Kundi lilelile linakuwa ndani kwa kodi, nje kwa jikoni na ndoa. Herufi gani itabeba hilo?

Kwenye hatima, usibandike Al-Baqarah 62 ikiwa peke yake (ile inayowataja Mayahudi, Wakristo na Wasabai, kwamba wanaomwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho na wakatenda mema watapata ujira wao). Hilo ndilo kosa la kila kipeperushi cha maelewano. Tafsiri kongwe zinaisoma pamoja na Aal Imran 85, kwamba anayetafuta dini isiyokuwa Uislamu haitakubaliwa kwake, na wengi wanaielewa ya 62 kuwa ni ya wafuasi wa mitume waliotangulia, kila umma kwa wakati wake. Wapo wafasiri wa karne hizi wanaoiacha wazi zaidi. Andika namna zote mbili za kuisoma, na useme ipi ni ya wengi.

Na kabla hujaandika "asiye Mwislamu ni wa motoni" ukafunga mstari, msome Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111. Anawagawa wasio Waislamu watatu: ambao jina la Muhammad halijawafikia kabisa, hao wana udhuru, walioufahamu ujumbe vizuri wakaukataa, hao hawana, na walio katikati, ambao jina limewafikia likiwa limepakwa matope, wakaambiwa ni mwongo aliyedai utume. Hawa wa katikati anawaweka pamoja na wa kwanza. Sasa, habari iliyopotoshwa inawafikia watu wangapi? Hapo ndipo mjadala wenu utakapopata moto wa maana.

---

Sauti ya Nyikani amejibu:

Mnazunguka bure. Yohana 14:6 imemaliza (mtu haji kwa Baba ila kwa Yesu), na Matendo 4:12 imepiga msumari (hakuna wokovu kwa mwingine yeyote). Ukristo ni (a).

---

Katekista Mstaafu amejibu:

Ndugu yangu Sauti, aya hizo hakuna Mkristo anayezifuta. Swali linalowagawa Wakristo ni jingine: Kristo anaokoa wale tu wanaomtaja kwa jina, au hata asiyewahi kulisikia? Mstari wa "Ukristo" uvunje angalau vipande viwili.

Kipande cha Kikatoliki kina historia ndefu, nami ningekiweka kwa miaka yake. Msemo "nje ya Kanisa hakuna wokovu" unatoka kwa askofu Siprian wa Kartago, karne ya 3, naye alikuwa akigombana na Wakristo waliojitenga. Hakuwa akizungumzia dini nyingine. Mwaka 1442 Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Firenze ukaupanua uwaguse wapagani na Wayahudi kwa majina. Mwaka 1949 Roma ikaikataa tafsiri ya padri Leonard Feeney wa Boston aliyeushika kwa ukali wote, na mwaka 1953 akatengwa na Kanisa. Yaani aliyekuwa mkali kuliko wote ndiye aliyejikuta nje. Kisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano: hati yake ya Lumen Gentium, namba 16 (1964), inasema asiyeijua Injili bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri, anaweza kupata wokovu. Warumi 2:14-15, kuhusu sheria iliyoandikwa mioyoni mwa watu wa mataifa, iko nyuma ya hoja hiyo.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Oktoba 1965, likatoka tamko la Nostra Aetate kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Watu hunukuu nusu ya namba 2, kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo, wakaacha sentensi inayofuata, kwamba Kanisa linalazimika kumtangaza Kristo aliye njia, kweli na uzima. Nakili zote mbili au usinakili hata moja. Kwa hiyo Kanisa Katoliki ni (b), na hati ya Dominus Iesus ya mwaka 2000 ilitoka mahsusi kuwazuia waliokuwa wanateleza kuelekea (c).

Uinjilisti uko karibu zaidi na (a) ya ndugu Sauti. Azimio la Lausanne la 1974, la viongozi wa Kiinjilisti, linakataa wazi kwamba Kristo anasema sawasawa kupitia dini zote. Hata huko, watoto wachanga na watu ambao hawajafikiwa bado wanawagawa walimu.

Safu ya maingiliano kwa Wakatoliki ijaze kutoka Sheria ya Kanisa ya 1983, usiijaze kwa hotuba. Hapa ndipo wengi huchanganya: kumuoa Mkristo aliyebatizwa asiye Mkatoliki kunahitaji kibali (kanuni 1124), na bila kibali ndoa si halali kisheria ingawa yaweza kuwa ndoa kweli. Kumuoa asiyebatizwa ni kizuizi (kanuni 1086); kisipoondolewa na mwenye mamlaka, ndoa ni batili, yaani haipo. Ahadi ya kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki inatolewa na mwenzi Mkatoliki. Yule mwingine anajulishwa tu, haahidi kitu. Wanaosema "analazimishwa kuahidi" wanakumbuka utaratibu wa zamani.

Kuhusu kusali, mfano ni mkutano wa dini mbalimbali ulioitishwa na Papa Yohane Paulo II mjini Assisi, Italia, 27 Oktoba 1986. Msimamo ulikuwa kukutana ili kusali, wala si kusali kwa pamoja. Kila dini ilipewa mahali pake. Tofauti ni ndogo kwa sikio, kubwa kwa teolojia.

---

Mwanagenzi wa Falsafa amejibu:

Waliotangulia wamefanya kazi nzuri. Mimi nina ugomvi na (c) yako. Umeitupia dini zote ambazo huzijui vizuri.

Uhindu: kila mtu ananukuu Rig Veda 1.164.46 (Veda ni maandiko yao ya kale), kwamba Kweli ni moja, wenye hekima huiita kwa majina mengi. Soma ubeti mzima: majina yanayotajwa ni Indra, Mitra, Varuna, Agni, miungu ya humohumo ndani ya Veda. Kuupeleka ubeti kwa dini za nje ni matumizi ya baadaye sana. Ushahidi bora ni andiko lao jingine, Bhagavad Gita 9:23, pale mungu Krishna anaposema hata wanaoabudu miungu mingine kwa imani wananiabudu mimi, ila si kwa utaratibu unaotakiwa. Hiyo "ila" ndiyo inayoihamisha kutoka (c) kwenda (b): unakaribishwa ndani, lakini nyumba ni yangu na unayemwabudu ni mimi, ujue usijue. Wafuasi wa (c) kamili wapo pia, hasa wanaomfuata Vivekananda, mtawa wa Kihindu aliyehutubia Chicago mwaka 1893. Kwa hiyo Uhindu nao unataka mistari miwili.

Ubudha: ule mfano wa vipofu na tembo, ambapo kila kipofu anagusa sehemu moja na kudhani ndiyo tembo mzima (andiko la Udana 6.4), hutumika kuthibitisha kwamba kila dini imeshika kipande chake cha ukweli. Hebu angalia nani yuko wapi katika simulizi. Vipofu ni watawa wa madhehebu mengine wanaogombana. Mfalme anayewatazama anamwona tembo mzima, na anayesimulia ni Buddha. Anayekusimulia mfano huu daima amejiweka penye macho. Kisha soma mazungumzo ya mwisho ya Buddha na Subhadda, mtu aliyemwendea akiwa karibu kufa: palipokosekana Njia ya Sehemu Nane (mwenendo aliofundisha Buddha), anasema, hapapatikani watawa wa kweli. Hapo ni (a) tupu kwenye swali la hatima. Lakini Ashoka, mfalme Mbudha wa karne ya 3 K.K., katika tangazo lake la 12 la mwambani anaagiza mtu azuie ulimi, asikuze madhehebu yake na kuyatukana ya wenzake bila sababu. Tazama, ni swali la tatu hilo, halihusiani na hatima.

Usingasinga: Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu chenye kurasa 1,430, ina tenzi za mshairi Kabir na za Sheikh Farid aliyekuwa Mwislamu wa Kisufi. Sijui kitabu kingine kikuu cha ibada kilichofungua mlango kiasi hicho. Lakini mwongozo wao wa maadili wa 1945 unasema ibada ya ndoa ya Anand Karaj ni kwa Masingasinga tu. Kitabu kiko wazi, ndoa imefungwa. Ni kinyume cha Al-Maidah aliyoeleza Bint Mizani.

Wabaha'i si (c) hata kidogo. Wao wanaona dini ni moja inayofunuliwa hatua kwa hatua, kila Mtume kwa zama zake, na zama hizi ni za Bahá'u'lláh (1817–1892). Kumwambia Mwislamu "dini yako ni ya kweli" kwa maana hiyo ni kumwambia ilikuwa sura kabla ya hii, ilhali yeye anasoma Al-Ahzab 40 kwamba Muhammad ni Mwisho wa Manabii. Sifa yenyewe ndiyo inayomuudhi.

---

Mchambuzi Mpole ameandika:

Nimeelewa. Nabomoa na kujenga upya. Je, Uyahudi?

---

Bint Mizani amejibu:

Uyahudi umekushinda kwa sababu haudai kila mtu awe Myahudi, kwa hiyo (a) haikai. Wala hausemi dini zote ni sawa. Asiye Myahudi anadaiwa amri saba za Nuhu: kutoabudu sanamu, kutomtukana Mungu, kutoua, kutozini, kutoiba, kutokula kiungo cha mnyama aliye hai, na kuweka mahakama. Maimonides, mwanasheria mkuu wa Kiyahudi wa karne ya 12, anaongeza sharti: azishike kwa sababu Mungu ameziamuru kupitia Musa, akili tupu haitoshi kumhesabu miongoni mwa wachamungu wa mataifa wenye fungu katika ulimwengu ujao.

Kwa hiyo swali lao la kwanza kwa dini yoyote ni moja: hii ni ibada ya sanamu? Maimonides aliwatoa Waislamu humo na kuwaacha Wakristo ndani. Meiri, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyeishi Provence karne ya 13 hadi mwanzo wa 14, aliyaona mataifa yaliyofungwa na adabu za dini kuwa nje ya hukumu hiyo. Matokeo unayaona kwenye mlango: wanasheria wengi wa Kiorthodoksi wanaruhusu kuingia msikitini na kukataza kuingia kanisani. Na kwenye mvinyo: ulioguswa na Mwislamu, kwa Maimonides, haunyweki lakini waweza kuuza.

Kuhusu jedwali: mistari iwe kwa madhehebu, safu ziwe tatu, na kila kisanduku kiwe na chanzo pamoja na neno "wengi" au "baadhi". Safu ya tatu igawe tena: chakula, ndoa, kuingia nyumba ya ibada, kusali pamoja, maziko. Kisha mpe mfuasi mstari wake tu asahihishe kabla hajaona ya wengine, la sivyo ataanza kujilinganisha na jirani badala ya kusahihisha.

---

Mwanagenzi wa Falsafa amejibu:

Nyongeza moja. Dini za jadi za mababu umezisahau kabisa, na ukiziongeza usizilazimishe safu ya hatima. Nyingi hazina kitabu wala wito wa kuwavuta wengine, na swali "mgeni ataokoka?" halina mahali pa kukaa: mizimu ya ukoo wako inakuhusu wewe, yangu inanihusu mimi. Kisanduku hicho andika "haliulizwi". Ukikiacha kitupu, msomaji atadhani hukupata jibu.