Mjadala: Je, Wakosoaji Waliionea Death Wish ya Bruce Willis?

Hapa Mtwara watu wanabishana juu ya filamu ya Death Wish iliyoongozwa na Eli Roth na kutoka Machi 2018, nami naomba tulijadili jambo hili kwa hoja. Wanaoitetea wanasema wakosoaji wa Marekani waliionea kwa sababu Bruce Willis, aliyekuwa akikaribia miaka 63, alikwishazeeka, na kwa sababu ilitoka wiki chache tu baada ya mauaji ya shuleni huko Parkland, Florida. Mimi sikubaliani nao. Umri haukuiharibu, ingawa kweli Willis anaigiza kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kilichoiharibu ni jinsi inavyompa mlipiza kisasi ushahidi mwepesi usiotiliwa shaka.

Nyumba ya daktari wa upasuaji wa Chicago inavamiwa, mkewe anauawa na binti yake anaachwa mahututi. Baadaye daktari huyo analetewa hospitalini majeruhi aliyevaa saa iliyoibwa siku ile, na kuanzia hapo kila anayeuawa na daktari ni mhalifu kweli. Katika filamu ya awali ya mwaka 1974, aliyoicheza Charles Bronson, waliomuua mke hawapatikani kabisa, hivyo mtazamaji anabaki na wasiwasi juu ya kisasi chenyewe. Roth ameufuta wasiwasi huo.

Sasa tuulete huku kwetu ushahidi wa aina ile. Msimu wa korosho, mtu akikutwa usiku na gunia ambalo mwenye mali analitambua, huenda ndiye mwizi, lakini huenda pia amelinunua kwa kangomba, yaani biashara ya korosho ya kificho nje ya mfumo rasmi, jioni ileile bila kujua limetoka shamba la nani. Kangomba ni kosa, ila si kosa la mtu kuuawa kwa mawe. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu ya Tanzania inakataza hata aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla kosa halijathibitika.

Swali la wanaoitetea filamu kwamba polisi wakichelewa mtu afanye nini ni zito, wala silibezi. Hata hivyo, kwenye kibanda cha video nilikoiangalia, makofi makubwa kuliko yote yalipigwa pale fundi gari alipopasuliwa na kumwagiwa mafuta ya breki kwenye jeraha, ilhali alikuwa amekwishadhibitiwa na hawezi kumdhuru yeyote.

Filamu yenyewe inaonyesha duka la pombe linalopokea mali za wizi. Anayeitetea anieleze: kama yule majeruhi angekuwa ameinunua saa ile pale, daktari angeanzia wapi?