Ukoo wa Mzee Salim: Usiku wa Billy Kimber

Rehema: Jamani nimemaliza msimu wa kwanza wa Peaky Blinders, ile tamthilia ya genge la Birmingham. Ile sehemu ya sita 🙆🏾‍♀️ Nani kaiona tuongee

Juma: Da Rehema usiseme kitu, niko ya nne

Shangazi Mwanaidi: Umefika pale Ada anapotokea na kigari cha mtoto?

Juma: Shangazi!!!

Shangazi Mwanaidi: Imeanza kuonyeshwa 2013, mwanangu. Ulikuwa unangoja mwaliko? Weka simu kando ukaangalie, sisi tunaongea.

Juma: Natoka. Mkimaliza mniambie

Rehema: Haya kaondoka. Shangazi, mie pale nilisimama kabisa. Tommy, mkuu wa genge, na nduguze wako nje ya baa yao, Kimber, adui wao wa viwanja vya farasi, kaja na jeshi zima, maana ametonywa. Watu ambao wangewasaidia wameshatumwa kwenye mbio za farasi kule Worcester. Freddie, mume wa Ada, ndo anafika na rashasha, sasa kila mtu kaelekeza mtutu kwa mwenzake. Mara Ada dada yao huyooo, anasukuma kigari katikati ya barabara

Shangazi Mwanaidi: Na nguo uliitazama?

Rehema: Nyeusi

Shangazi Mwanaidi: Nyeusi ya msiba. Hajafa mtu bado, mwenzao kashavaa. Ndugu zake wako pale, mumewe yuko pale, mtoto Karl yumo kwenye kigari. Anawaambia wengi wenu mlikuwa Ufaransa kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, mnajua kinachofuata. Wanaume wazima na mabunduki yao wakabaki kutazama chini.

Bi Tatu (Mweka Hazina): Assalam aleikum. Nakumbusha mchango wa harusi ya Zuhura, mwisho Ijumaa. Orodha naiweka hapa baadaye.

Rehema: Waaleikum salaam bibi. Tutatuma in shaa Allah

Mjomba Athumani: Habari za usiku.

Rehema: Shikamoo mjomba

Mjomba Athumani: Marahaba. Nimesoma hapo juu. Niwaambie tu kwamba Billy Kimber wa kweli hakuuawa 1919 kama kwenye tamthilia. Alifia kwenye nyumba ya kuuguzia wagonjwa mjini Torquay mwaka 1945, kitandani. Na wala hakuwa mtu wa London. Alizaliwa Birmingham mwaka 1882.

Rehema: Weee! Sasa mbona kwenye tamthilia anakuja kama mgeni kuvamia mtaa?

Mjomba Athumani: Wamemhamisha wapate adui wa nje. Yeye ndiye aliyeongoza genge la Birmingham, na ugomvi wake mkubwa ulikuwa na Darby Sabini wa Clerkenwell, London. Waligombea wachukua dau, yaani wapokeaji wa pesa za kamari, wa viwanja vya farasi kusini mwa Uingereza. Huko ndiko kwenye pesa.

Rehema: Hapo ndo sikuelewa. Wanapataje pesa kama hawachezi kamari wenyewe?

Mjomba Athumani: Mchukua dau anasimama na ubao wake, anaandika farasi kwa chaki, bei ikibadilika anafuta kwa sponji. Genge linamletea chaki, ndoo ya maji, sponji na karatasi ya majina ya farasi, linamtoza bei ya ajabu. Hata pale anaposimama analipia. Akikataa, ubao unapinduliwa, au wanamzunguka wateja wasimfikie.

Rehema: Kumbe wapiga debe wa stendi, ila wamevaa suti 😂

Mjomba Athumani: Ndio hao. Na mwaka 1921, siku moja baada ya Derby, mbio kubwa za farasi za Epsom, watu wa Birmingham waliwavizia watu wa Sabini barabarani pale Ewell. Gari likatokea, wakalivamia kwa shoka na nyundo. Wakaumiza watu vibaya. Kumbe waliomo ni wachukua dau wa Leeds, wa upande wao wenyewe.

Shangazi Mwanaidi: Astaghfirullah

Rehema: Wamepiga wao kwa wao 😭😭

Mjomba Athumani: Polisi mwanzo walidhani ni wapiganaji wa Ireland, kwa jinsi nyakati zilivyokuwa. Ndiyo maana hata yule Inspekta Campbell kuletwa kutoka Belfast kutafuta bunduki zilizoibwa hakukunishangaza. Vita ilikuwa imekwisha juzi tu. Hata hapa kwetu Tanga, Novemba 1914, Waingereza waliposhuka melini…

Rehema: Mjomba hadithi ya nyuki waliowashambulia tunaijua, rudi Birmingham 🙏🏾

Mjomba Athumani: Haya. Ila na wembe kwenye kofia pia ni chumvi. Carl Chinn, mwanahistoria wa hukohuko, anasema nyembe za aina ile zilikuwa ghali mno enzi hizo. Na genge la kweli la Peaky Blinders lilitamba miaka ya 1890, sio baada ya vita.

Faraji Birmingham: Mjomba acha kutuharibia biashara huku 😂 Wageni wanakuja na kapelo zao wanataka kuona nyumba ya Tommy. Small Heath, mtaa wao, leo ukipita Coventry Road ni maduka ya Wapakistani na migahawa ya Wasomali, unakula wali vizuri tu. Ile mitaa ya kwenye runinga mingi walipigia picha Liverpool. Kiwanja cha mjomba wao Charlie, pale kwenye mfereji, ni makumbusho ya Dudley. Hapo nimefika, ni pazuri.

Shangazi Mwanaidi: Mjomba wenu anasahau kitu. Kimber afie kitandani asifie kitandani, mimi naangalia kilichoandikwa. Kimber alipofyatua, Tommy kapata ya bega na Danny, rafiki yao wa vitani, kafa palepale. Tommy kampiga Kimber kichwani, halafu basi. Wale wengine wote wakaenda zao. Unadhani wangeondoka kama Ada hakusema?

Rehema: Shangazi wameondoka kwa sababu bosi kafa

Shangazi Mwanaidi: Bosi akifa watu hulipiza, mwanangu. Pale kila mmoja alikuwa kashakumbushwa nani anamsubiri nyumbani. Tommy akamalizia tu.

Faraji Birmingham: Naungana na shangazi

Rehema: Wewe unaungana na yeyote anayekukaribisha pilau

Rehema: Danny ndo kaniuma. Mwanzoni Tommy alimwua kwa uongo ili kumwokoa na Waitaliano, kaburi likachimbwa, watu wakalia. Mke na watoto wanamlilia mara mbili

Shangazi Mwanaidi: Tommy akanywa glasi ya kumuaga, kwisha. Simpendi Tommy. Polly, shangazi yao, nampenda. Helen McCrory, yule dada aliyemwigiza, alifariki 2021, kaacha pengo.

Juma: Nimerudi, nimeruka ya tano nikaangalia ya sita. Sasa pale stesheni Campbell kamwelekezea Grace, jasusi wake, bastola, kioo kikawa cheusi, mlio pwaaa. Nani kapigwa??

Shangazi Mwanaidi: Si ulisema tusiseme

Juma: Shangazi tafadhali

Faraji Birmingham: Kesho msimu wa pili, Juma. Utaona na Camden Town, kiwanda cha mikate cha Alfie Solomons ambacho mkate hakitoi.

Rehema: Kinatoa nini?

Faraji Birmingham: Pombe. Sabini naye yumo

Mjomba Athumani: Sabini huyo wamemkosea hata zaidi. Kesho nitaeleza.

Juma: Mjomba usianze 😩

Bi Tatu (Mweka Hazina): Nimewaona wote mko hewani. Saa saba usiku bando mnalo, mchango wa Zuhura hamna. Rehema elfu hamsini, Juma elfu thelathini, Faraji wewe uko Ulaya sitaji kiwango.