Tupeane uzoefu: ulijiandaaje na mtihani, na chumba cha mtihani kilikuwaje?

Mbukwenyi wana Dodoma na majirani zetu wote. Novemba vijana wa kidato cha nne wanaingia chumbani, na huku mitaani ni msuli, yaani kusoma kwa nguvu, usiku kucha. Naomba kila mmoja asimulie alichokifanya au alichokiona mwenyewe, tuache ya kusikia.

Naanza mimi. Nilisoma shule ya kata huko Chemba. Msingi tulifundishwa kwa Kiswahili, sekondari mambo yote yakageuka Kiingereza. Baada ya vipindi tulikaa kikundi chini ya mti, mmoja anafundisha mada kwa Kiswahili mpaka wote tumeelewa. Kisha madaftari yanafungwa, kila mtu anaandika jibu kwa Kiingereza, tunabadilishana karatasi na kusahihishana. Hapo ndipo ilipojulikana nani anaijua mada na nani anaijua mdomoni tu. Kuandika ndiko kulikotubeba. Kurudia desa (notsi) lilelile kila usiku kunachosha macho, na swali likigeuzwa kidogo mtu anapotea.

Mwalimu wa Hisabati, Kongwa
Naunga mkono. Wanafunzi wangu wengi hawaangushwi na hesabu, wanaangushwa na saa. Pepa ya Hisabati kidato cha nne ina maswali 14 kwa saa 3: sehemu A maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B maswali 4 ya alama 10. Namwambia mtoto, swali la alama 6 lipe dakika 10, la alama 10 lipe dakika 17. Utabaki na dakika 12 za kupitia kazi. Nimemwona mwanafunzi mzuri kabisa akikwama kwenye swali la logi (logarithimu), anafuta, anaandika, anafuta tena, nusu saa imekwenda kwa alama 6! Huku nyuma swali la takwimu alilokuwa analiweza halijaguswa. Ruka, utalirudia. Na njia uionyeshe, maana hata jibu la mwisho likikosewa, hatua sahihi zina alama zake.

Dada wa soko la Majengo
Mimi nilifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa na genge la nyanya na mtoto mgongoni. Nilihitaji C ya Baiolojia, yaani kuanzia alama 45. Muda wangu ulikuwa mchana wateja wakipungua. Nilichora moyo, figo na jicho kwenye maboksi matupu, naziba majina, nataja, nafunua. Wenzangu wa meza za jirani wakawa wananiuliza maswali wakishika boksi, na wao hawajawahi kusoma Baiolojia. Nawashukuru mpaka leo. C niliipata.

Mama, Bahi
Wangu alikuwa darasa la saba, mtihani wa Septemba. Kiangazi hicho maji ni shida, na jioni ndoo ni za mtoto wa kike. Nilimwambia kaka yake achukue baiskeli na madumu, dada asome mwanga ungalipo. Akanuna, lakini akaenda. Wazazi wenzangu, tunalipia tuisheni halafu jioni yote mtoto yuko kisimani, sasa atasoma saa ngapi? Jambo jingine, mzoezeni kuweka kivuli kwenye fomu ya majibu kwa penseli. Akiruka swali moja bila kuangalia namba, majibu yote yanayofuata yanahama.

Baba, Nkuhungu
Kijana wangu yuko kidato cha nne, anakesha mpaka saa nane usiku, asubuhi anasinzia darasani. Nikimwambia alale anasema wenzake wanakesha. Nimwache?

Mwalimu wa Hisabati, Kongwa
Mzee wangu, usimwache, alale. Mtihani wa asubuhi unaanza saa mbili, na kichwa kilichozoea kuchangamka usiku wa manane saa hizo kinakuwa kizito. Jumamosi saa mbili kamili mkalishe mezani na pepa ya miaka ya nyuma, simu ikae kwako, saa ya ukutani aione. Saa 3 zikiisha, kalamu chini hata kama hajamaliza. Jioni apitie alipokwama, hapo ndipo pa kusoma wiki hiyo. Kama pepa za nyuma hana, nitumie ujumbe. Ninazo za Hisabati na Fizikia, nitakupa utoe kopi.