Mjadala: Magari na pikipiki zilizobadilishwa, zipigwe marufuku barabarani?

Mleta mada:
Wakuu, wapo wanaosema chombo chochote kilichobadilishwa tofauti na kilivyotoka kiwandani kisiguse barabara: gari lililoshushwa, pikipiki iliyorefushwa shokapu za mbele, hata iliyobadilishwa sailensa tu. Sababu zao ni usalama na kelele. Mimi napinga, na nipo tayari kupingwa.

Nakiri mapema kwamba vyombo hivi navipenda mno. Nikishika kabureta iliyooshwa, nikaielekeza kwenye mwanga na kuona ile jeti ndogo, tundu la kupitishia mafuta ambalo hata sindano ya kushonea haipiti, najua uhai wa injini nzima unapita pale. Pikipiki yenyewe ilizaliwa kwa kujaribujaribu: mwaka 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifunga injini ya petroli kwenye fremu ya mbao kule Ujerumani.

Sasa tazameni jimbo la California, Marekani. Kuanzia 1958 sheria ilikataza gari lolote lililobadilishwa likawa na sehemu iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Iliwagusa wapenzi wa lowrider, yaani magari yaliyoshushwa karibu na ardhi, wengi wao Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Je, waliacha? Mwaka 1959 Ron Aguirre alifunga vifaa vya haidroliki vya ndege, vinavyonyanyua kwa shinikizo la mafuta, kwenye gari lake aina ya Corvette. Polisi akitokea, gari linanyanyuka hadi kimo halali, akipita, linashuka. Katazo lile ndilo lililozaa ufundi ambao leo ni fahari ya lowrider dunia nzima. Na tarehe 1 Januari 2024 jimbo hilohilo lilifuta katazo hilo, pamoja na marufuku za miji dhidi ya misafara ya magari hayo.

Jimbo hilohilo lina mfano mwingine. Vijana walikuwa wakishindana mitaani, na mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha NHRA, chama kilichowapa njia maalumu, kanuni na wakaguzi. Mbio zikawa mchezo rasmi. Kati ya marufuku na kanuni, kipi kiliokoa watu zaidi? Kwangu jibu liko wazi.

Muuguzi wa zamu ya usiku:
Kaka, historia nzuri, lakini mimi nalala mchana. Pikipiki moja isiyo na sailensa ikipita, usingizi umekwisha, na mtoto kaamka analia. Mnasema eti mlio mkubwa unaokoa maisha ya dereva. Na yangu je?

Mleta mada:
Dada, hapo sina utetezi, na hoja hiyo ya mlio siikubali. Bomba linaelekea nyuma, kwa hiyo anayesikia zaidi ni uliyekwisha mpita, si wa mbele anayetaka kukuingilia njia. Tena desibeli 10 zikiongezeka, nishati ya sauti ni mara kumi. Hata nguvu anayodhani kaipata mara nyingi haipo: ukifungua bomba bila kurekebisha kabureta, hewa inazidi mafuta, plagi inatoka nyeupe kama chokaa, injini inaungua taratibu.

Fundi wa gereji:
Mkuu, kelele tunaisikia wote. Mimi naogopa kisichosikika. Gari linaletwa limeshushwa kwa kukata springi na grainda. Tairi likining'inia kidogo kwenye tuta, springi inachomoka kwenye kikalio chake. Nimeshika springi ya hivyo mkononi, imekatwa upande, na mwenye gari anabeba familia. Huyo naye ni mbunifu?

Mleta mada:
Hapana, fundi. Huyo ni mzembe. Ndiyo maana nataka ukaguzi: Ujerumani, mabadiliko ya maana hukaguliwa na wataalamu kama wa mashirika ya ukaguzi ya TÜV na kuingizwa kwenye karatasi za gari. Aliyenunua springi fupi iliyotengenezwa kwa gari lake anapita, mwenye grainda anarudishwa.

Muuguzi:
Ukaguzi nakubali. Ila anayefunga sailensa ya kiwandani asubuhi ya ukaguzi, jioni akarudisha ya kelele, mtamkamataje?

Mleta mada:
Kwa kumpima akiwa barabarani. Ufaransa ilianza kujaribu rada za kelele mwaka 2022, zinazosikiliza chombo kikipita na kusoma namba yake. Zikiletwa kila mahali nitaziunga mkono, na wa kwanza kupimwa niwe mimi. Fundi, wewe unaonaje: mpaka wa desibeli uwe mmoja kwa wote, au mashine za zamani zihesabiwe kivyake?